Mama Mchamungu Akiondoka: Mwongozo wa Kumkumbuka

Siku ya nne baada ya mazishi ya mama, saa kumi alfajiri, simu yake ililia ndani ya droo. Ilikuwa alamu, hakuna aliyekumbuka kuizima. Miaka yote aliitega saa hiyo ili aamke aswali tahajudi, swala ya usiku, kabla ya adhana, na sisi wanawe tulikuwa tumeizoea kiasi cha kutoisikia tena. Usiku ule tuliisikia sote. Dada yangu alitoka chumbani kwake, mimi nikatoka changu, tukasimama mbele ya ile droo na hakuna aliyethubutu kuifungua. Ililia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Siku tatu tulikuwa tumelia, lakini ni pale niliposhika hasa kilichotupata. Kuna mtu alikuwa akiamka saa kumi kutuombea mmoja mmoja kwa majina, na sasa saa kumi inafika, kazi ipo, mwenye kuifanya hayupo. Mama mchamungu huwa na kazi nyingi za namna hiyo, na nyingi kati yake hazijulikani hata na watoto wake. Kumkumbuka, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa, ni kuzitafuta zile kazi moja moja na kuona nani atazishika.

Naandika kama Muislamu kwa kuwa ndivyo mama alivyokuwa, na hukumu ninazozitaja ni za dini hiyo. Kama mama yako alikuwa wa dini nyingine, hatua za simu, za vitu, za kuandika na za watu wake zitakufaa vilevile. Za ibada waulize viongozi wa dini yako.

Hatua ya 1: Siku za mwanzo, usifue, usifute, usigawe

Watu wema watakuja kukusaidia, na msaada wa kwanza unaowajia mikononi ni usafi. Mmoja atatoa mashuka, mwingine atakusanya nguo, mwingine atapanga chumba. Wazuie kwa upole. Sema tu, "Chumba cha mama tuachieni kwanza, tutakishughulikia wenyewe," kisha funga mlango.

Mimi nilikosea hapa. Siku ya pili niliufua ushungi wake wa kuswalia, kwa nia njema kabisa, ili uwe safi. Ulitoka ukinukia sabuni. Harufu yake iliyokaa pale miaka yote niliitoa mwenyewe kwa mikono yangu. Chagua basi nguo moja tu, ile aliyoivaa zaidi, usiifue. Ikiwa kavu kabisa, itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, au mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, uweke mahali penye giza na pasipo joto. Usiifungue mara kwa mara, maana kila ukiifungua harufu inapungua.

Na lia. Wapo watakaokuambia mtoto wa mama mcha Mungu hapaswi kulia kwa kuwa mama yuko pema. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mama yake akiwa mtoto wa miaka sita. Utu uzima wake alilizuru kaburi lake akalia, akawaliza na waliokuwa pamoja naye. Alipofiwa na mwanawe Ibrahimu alisema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Zile siku tatu za msiba zinazotajwa katika hadithi za Mtume ni za mwanamke kuacha mapambo kwa kumlilia asiyekuwa mume wake. Huzuni ya moyo haikuwekewa hesabu ya siku, kwa hiyo asikuhesabie mtu.

Hatua ya 2: Okoa sauti yake kabla simu haijafa

Hii ndiyo hatua yenye haraka kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba hatimaye hupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa takriban siku 120 hufutwa. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 nayo inaweza kufutwa pamoja na picha zilizomo. Kwa hiyo simu iendelee kuchajiwa na laini iendelee kuwa hai mpaka mmalize kazi ya kunakili.

Usimpe mtu simu hiyo kabla ya kunakili, hata kama ina neno la siri msilolijua. Kaka yangu aliipeleka ya mama kwa fundi ili aifungue. Ilirudi imefunguka kweli, lakini tupu kama imetoka dukani. Kilichotuokoa ni kwamba sauti alizotutumia zilikuwa pia ndani ya simu zetu. Anza basi na simu yako mwenyewe. Fungua mazungumzo yenu, panda juu mpaka mwanzo, na kila ujumbe wa sauti uuhamishe. Ndugu zako, wajukuu na mashoga zake wafanye hivyo hivyo. Utashangaa ni kiasi gani kimesalia kwa watu.

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje au kadi ya kumbukumbu, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, ili moto au mwizi wa nyumba moja asiondoke na zote. Kila faili lipe jina linaloeleweka, yaani tarehe na kilichosemwa. "Mama anauliza kama nimefika salama" litakusaidia zaidi baada ya miaka kumi kuliko mfululizo wa tarakimu zilizowekwa na simu.

Usidharau jumbe fupi. Ninayoisikiliza zaidi ina sekunde tisa. Anasema, "Umeswali? Haya, lala mwanangu," na nyuma yake unasikika mlango ukifungwa. Khadija, mke wa Mtume, alikuwa ameshafariki siku nyingi pale dada yake Hala alipobisha hodi Madina. Mtume alipousikia ule ubishaji wa hodi akaukumbuka wa Khadija, moyo wake ukachangamka, akasema, "Ee Mola, awe ni Hala!" Hodi tu, na ilitosha.

Neno moja la tahadhari. Mama mchamungu huwa kapu la siri za watu. Wanawake humwambia ya ndoa zao, vijana humwambia makosa wasiyoweza kuwaambia wazazi wao. Jumbe za watu kwake si zako. Nakili sauti yake na picha za familia, mengine yaache bila kusoma, kisha yafute. Ni amana aliyoondoka nayo.

Hatua ya 3: Lipa madeni yake, ya watu na ya Mwenyezi Mungu

Kabla ya sadaka yoyote, kabla ya jiwe la kaburi, kabla ya kitabu cha kumbukumbu, lipa deni. Hadithi inasema roho ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Qur'ani nayo inapogawa mirathi katika Suratun Nisaa inarudia kwamba mgawo ni baada ya wasia na deni.

Madeni ya watu: kaeni na daftari lake, simu yake na rafiki yake wa karibu. Tangazeni kwa waliokuja kuzika na kwa jamaa kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa mmoja wenu aliyeteuliwa. Ateuliwe mmoja tu, maana deni likilipwa na watatu huwa halilipwi na yeyote. Msiishie kwenye fedha. Mama alikuwa na sufuria kubwa mbili za watu, vitabu vinne vya kuazima na kitambaa cha mtu alichokuwa akikidarizi. Angalieni pia amana, kwa sababu mtu mwaminifu hupewa fedha za wengine amshikie. Tulikuta bahasha tatu zenye majina ndani ya sanduku la nguo, na kila moja ilirudi kwa mwenyewe kama ilivyokuwa.

Na wapo waliokuwa wakidaiwa naye. Pengine alishawasamehe moyoni bila kumwambia mtu. Kama warithi mnaweza, sameheni. Lakini fedha hizo sasa ni za warithi wote, hivyo mmoja asisamehe kwa niaba ya wenzake bila kuwauliza.

Madeni ya Mwenyezi Mungu yanataka uulizaji wa makini. Je, alikuwa na siku za Ramadhani alizoacha kwa ugonjwa akakusudia kuzilipa? Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume alisema anayekufa akiwa na funga juu yake, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, amfungie. Wanazuoni wamekhitalifiana katika utekelezaji wake. Wapo wanaosema jamaa wafunge, wapo wanaosema alishwe masikini kwa kila siku, na wapo wanaosema kufunga kwa niaba yake ni kwa funga ya nadhiri tu. Aliyekufa katika maradhi yaleyale bila kupata nafasi ya kulipa, wengi wanasema hana deni. Mweleze hali yake sheikh mmoja unayemwamini, fuata jibu lake, usizunguke kutafuta la pili.

Nadhiri pia. Mwanamke mmoja wa kabila la Juhaina alimwendea Mtume akasema mama yake aliweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla hajahiji, je, amhijie? Akamjibu ndiyo, kisha akamuuliza: mama yako angekuwa na deni, usingelilipa? Basi lipeni deni la Mwenyezi Mungu. Anayetaka kumhijia mama yake lakini awe ameshajihijia nafsi yake kwanza.

Hatua ya 4: Mirathi kwanza, zawadi baadaye

Hapa familia nyingi njema huteleza kwa mapenzi. Mtu anasema, "Nguo zake tuzitoe sadaka," na wote wanaitikia kwa machozi. Nguo zile si za mama tena. Tangu alipokata roho ni mali ya warithi: pete, msala, hata kitambaa. Akiwemo mrithi asiyebaleghe, fungu lake halitolewi sadaka na mtu, hata mwenyewe akisema ndiyo.

Akiacha mume na watoto, mume ana robo. Wazazi wake wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi, yaani moja ya sita. Kinachobaki, akiwemo mtoto wa kiume, ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Wasia wake hutekelezwa usizidi theluthi ya kilichobaki baada ya deni, na hautolewi kwa mrithi ila wenzake wakiridhia. Andikeni orodha ya kila kitu, mgawane kwa mujibu wa sheria, kisha anayetaka kutoa fungu lake sadaka atoe. Vile vyenye thamani ya moyo kuliko ya fedha, zungumzeni nani achukue nini kabla hamjavigusa. Fanyeni hivyo mapema. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana miaka mitano kwa sababu ya msahafu.

Hatua ya 5: Hifadhi vichache, uvitumie

Usihifadhi kila kitu. Chumba kilichoachwa kama kilivyokuwa miaka na miaka humchosha anayekitunza, na mavazi yanayoozea kabatini yangeweza kumsitiri mtu. Sisi tulibaki na vinne: msala, tasbihi, msahafu na daftari.

Msala wa mama umechakaa mahali patano: penye miguu miwili, magoti mawili, na pale paji la uso lilipokuwa likigusa. Ukiuinua kwenye mwanga unaona nuru ikipenya palepale. Tasbihi yake ilikatika zamani, punje zikatawanyika, zikapatikana zote isipokuwa moja. Badala yake alitunga kifungo cheupe cha shati. Ni kifungo cha matundu mawili, na uzi umepita tundu moja tu, kwa hiyo kinalala upande. Kwa miaka mingi kidole chake kilikuwa kikifika pale kinasita kidogo, kisha kinaendelea.

Kitambaa kisafishwe kabla ya kuhifadhiwa, isipokuwa ile nguo moja niliyoitaja, kwa sababu jasho lisiloonekana leo hugeuka doa la manjano baadaye. Kikunjwe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kisicho na rangi, na kila baada ya miezi kadhaa kikunjuliwe na kukunjwa upya mahali pengine, ili mkunjo usije kuwa mpasuko. Karatasi zikae mbali na jua na unyevu. Usiziungie kwa utepe wa gundi, kwani gundi hugeuka manjano na kula karatasi, wala usizipige plastiki ya moto, maana hiyo haitoki tena. Kila ukurasa wa daftari upige picha mchana karibu na dirisha, bila mweko wa kamera, ukiwa umelaza kitabu na umeshika simu juu yake sawasawa. Ukitaka kuandika kitu nyuma ya picha, tumia penseli laini.

Vitu vya ibada ni afadhali vitumike kuliko vikae kwenye kioo. Msala tunaswalia kwa zamu.

Hatua ya 6: Tafuta kazi alizokuwa akizifanya kimya kimya

Ipe hatua hii wiki kadhaa. Chukua daftari jipya, uwaendee watu waliomjua, mmoja mmoja: dada zake, rafiki zake wa darasani, majirani, mtu aliyekuwa akimletea mzigo, mlinzi, kijana aliyekuwa akimsomesha Qur'ani jioni. Omba ruhusa ya kurekodi.

Usiulize, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kuwa alikuwa mtu wa watu, mpole, mcheshi, na utarudi nyumbani mikono mitupu. Uliza mambo madogo yenye mahali na wakati. Mara ya mwisho alikuja kwako kwa shida gani? Alikuwa akifanya nini mkimaliza kuswali? Alikukataza nini? Alikasirika lini? Uliona analia wapi? Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi humtoa mtu jambo ambalo swali lolote lisingelitoa.

Sisi tulijua mama anatuombea. Hatukujua kuwa kila Alhamisi alikuwa akienda kumwogesha mwanamke mzee aliyepooza, asiye jamaa yetu. Yule mama mwenyewe ndiye aliyetuma mtu kuuliza mbona haji. Hatukujua kuwa ndiye aliyekuwa akimpigia simu mke wa mjomba kila mwezi kuomba radhi kwa makosa yasiyokuwa yake, ili familia mbili zisikatane. Kwenye kurasa za mwisho za daftari lake tulikuta majina arobaini na saba. Mengine yalikuwa ya waliokufa, mengine ya wagonjwa, na mengine, kama langu, yalikuwa na alama ndogo ya nyota ambayo hakuna aliyeweza kutueleza maana yake. Alikuwa akiwaombea kwa zamu.

Kila unachokipata kiandike kwa mfumo mmoja: alimfanyia nani, alifanya nini, siku gani au mara ngapi, na je, mtu huyo bado anahitaji. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Huyo bibi aliyepooza anaoga na nani Alhamisi hii?

Hatua ya 7: Gawaneni kazi zake kama mlivyogawana mali yake

Kaeni ndugu wote, hata kwa simu, mkiwa na ile orodha. Kila mmoja achukue kazi moja. Nasisitiza moja. Katika joto la msiba kila mtu atataka kufunga Jumatatu na Alhamisi, kuamka usiku na kutembelea wagonjwa wote, na baada ya wiki sita hakuna kinachobaki ila aibu. Mtume alisema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni yenye kudumu, hata ikiwa chache. Mama mwenyewe hakuanza zote siku moja. Alizijenga kwa miaka arobaini.

Mpe kila mtu inayomfaa. Kaka yangu si mtu wa maneno, lakini ana gari, akachukua kuwapeleka wagonjwa hospitali. Dada alichukua bibi wa Alhamisi. Wa mwisho wetu, ambaye hata swala tano zilikuwa zikimshinda, hatukumwambia kitu, akasema mwenyewe atampigia simu mke wa mjomba. Mimi nilichukua yale majina arobaini na saba. Nasoma saba kila usiku, kwa hiyo naimaliza orodha katika wiki, na wanaponiambia fulani amefariki nahamisha jina lake upande wa marehemu. Upande huo sasa una jina la mama pia.

Kazi nyingine zitakosa mtu. Ziacheni bila kujilaumu, au mtafute mtu nje ya familia mumwombe aishike.

Hatua ya 8: Sadaka inayoendelea

Saad bin Ubada alifiwa na mama yake akiwa hayupo. Aliporudi alimuuliza Mtume kama sadaka atakayomtolea itamfaa. Akaambiwa ndiyo. Papo hapo akamshuhudisha kuwa bustani yake iitwayo Mikhraf ni sadaka kwa ajili ya mama yake. Mtu mwingine alisema mama yake alikufa ghafla, na anadhani angepata kusema angetoa sadaka. Naye aliambiwa amtolee. Sijui faraja kubwa kuliko hiyo kwa mtoto aliyechelewa kufika kitandani.

Bustani huna pengine. Angalia mama alipenda kutoa nini, uanzie hapo. Wakfu wa misahafu kwenye madrasa, mabomba ya maji, ada ya yatima mmoja mpaka amalize masomo, jamvi la msikiti, mti wa matunda mahali pa watu wote. Kabla ya kutoa, jiulize nani atakitunza kitu hiki mwaka wa tano. Kisima kisicho na mtu wa kununua vipuri vya pampu huwa shimo. Ni bora mchango mdogo kwenye kisima kilichopo na kinachotunzwa. Kama mnachanga ndugu, wekeni kiasi ambacho mwenye kipato cha chini kabisa kati yenu anakitoa bila kuumia, atakayeweza zaidi aongeze kimya kimya. Jina la mama kubandikwa ukutani si sharti. Kama alikuwa mtu wa kuficha sadaka zake, mfichie na hii.

Hatua ya 9: Wapende watu wake

Mtume alikuwa akichinja kondoo, anamkatakata, kisha anapeleka nyama kwa rafiki zake Khadija, miaka mingi baada ya kufa kwake. Abdullahi bin Umar alikutana na bedui njiani kuelekea Makka, akampa punda aliyekuwa amempanda na kilemba kilichokuwa kichwani mwake. Wenzake wakamwambia hawa mabedui huridhika na kidogo. Akajibu kwamba baba wa mtu huyu alikuwa rafiki wa baba yake, na kuwaunga waliopendwa na mzazi ni katika wema ulio bora.

Andika majina ya rafiki zake watano. Wapigie, na wala usingoje sikukuu. Hao wamefiwa pia, lakini hawapewi pole, kwa sababu pole zote zinakuja kwenu. Rafiki yake aliyekaa naye darasani miaka thelathini sasa anakaa na nafasi tupu pembeni yake. Nilipomtembelea yule wa mama hakuniambia kitu muda mrefu. Alinishika mkono tu, akawa anaugeuza geuza, kisha akasema, "Vidole vyake hivi."

Na mama mdogo au mama mkubwa, yaani ndugu zake wa kike: Mtume alisema khalati ana daraja ya mama. Mpigie.

Hatua ya 10: Dua, kila siku, fupi

Mola warehemu kama walivyonilea utotoni. Ndiyo dua aliyotufundisha Mwenyezi Mungu katika Suratul Israi, nawe labda ulifundishwa na mama mwenyewe kabla hujajua maana yake. Iweke baada ya kila swala. Kaburi lizuru unapoweza, ukiwa mtulivu, usalimie na uombe. Lakini dua haingoji kaburi, na anayeishi mbali hajapungukiwa.

Hatua ya 11: Mkumbuke alivyokuwa

Baada ya mwaka utaona jambo: mama katika masimulizi anaanza kuwa malaika. Hasira zake zinatoweka, ukali wake unaitwa hekima. Zuia hilo mapema. Mama yangu alikuwa mkali juu ya nguo za watoto wa kike kupita kiasi, na dada yangu aliumia. Alijua, na miaka miwili kabla ya kufa alimwita akamwomba msamaha. Tukiuficha ukali tunaufuta na ule msamaha, ambao kwangu ni tendo lake kubwa la ucha Mungu kuliko tahajudi zote.

Kama nyinyi mliachana kwa ugomvi, au ulikuwa umeiacha njia yake na akafa akikuombea, usikae mbali na haya kwa kudhani huna haki. Mwandikie barua, useme yote, mpaka ile usiyotaka mtu aisome. Mwombee msamaha, ujiombee na wewe. Kisha rudi kwenye ile orodha ya kazi zake uchukue moja, hata ndogo.

Hatua ya 12: Wajukuu

Usiwakalishe wajukuu kuwahutubia kuhusu bibi yao. Wape kitu mkononi na neno moja la kusema. Wafundishe dua moja aliyokuwa akiisoma, kwa lafudhi yake. Wapigie ile sauti ya sekunde tisa. Mpwa wangu wa miaka sita anahesabu kwa ile tasbihi, na anapofika kwenye kifungo husimama na kutaja jina la bibi yake kabla ya kuendelea. Hakuna aliyemfundisha. Tumeamua tusitafute punje ya kuziba mahali pake.